Chuma Kikiwa Uchi

Mara ya kwanza kuona chuma kikiwa uchi nilikuwa na miaka 19. Kabla ya hapo nilidhani nakijua chuma. Nimekulia Igogo, jirani na bandari ya Mwanza Kusini, na utoto wangu mwingi umepita juu ya vyuma chakavu vya vyombo vya majini, tukirukia humo kama mbuzi. Chuma nilichokijua kilikuwa na sura mbili tu: chekundu kwa kutu, au kimepakwa rangi.

Siku hiyo mjomba wangu, mdogo wake mama, alizima mashine, akafungua kitambaa alichojifunga usoni, akaniita nipande jukwaani nione ubavu wa boti aliotoka kuupiga mchanga. Ulikuwa wa kijivu chenye fedha kwa mbali, kama dagaa walioanikwa juu ya mawe siku moja. Hauna mng'ao. Hauna doa. Sikuwahi kuona kitu cha chuma kilichotulia namna ile. Nikanyoosha mkono.

"Mjomba, usiguse!" akanipigia kelele.

Nilidhani ni moto. Haukuwa moto. Mjomba alinishika bega akanipeleka hatua chache hadi karibu na usukani, mahali palipopigwa jana yake jioni na pakalala bila praima, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma. Kibarua mmoja alikuwa ameegemea pale. Kiganja chake kilikuwa kimeandikwa kwenye chuma kwa kutu, vidole vyote 5, hata mikunjo ya kiganja unaiona. Jasho na mafuta ya ngozi ya mtu mmoja, usiku mmoja. "Ukipaka rangi juu ya mkono huu," akaniambia, "mkono huu utatoka tena."

Huo ulikuwa mwaka 2003. Kazi ya kusafisha chuma kwa mchanga wa kupulizwa nimeifanya tangu hapo: kwanza nikiwa saidia fundi wa kuchota mchanga kwa karai, kisha nikishika nozeli, ule mdomo wa mpira unaotema mchanga, na sasa mwenye kazi huniita nisimame pembeni nikague kabla rangi haijapakwa. Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananipigia simu kuuliza rangi gani ni nzuri kwa boti, kwa tangi la maji, kwa geti. Sijawahi kupigiwa simu na mtu anayeuliza chuma chake kisafishweje.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kilikuwa na kazi hii kabla ya kompresa. Msasa tunaoununua dukani kwa karatasi umerithi jina la mti. Msasa ni mti ambao majani yake yana ukali kama ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Kutoka hapo tukapata kumpiga mtu msasa, yaani kumfundisha hadi akae sawa. Mafundi wa bandarini nao wanasema kupiga mchanga. Ukiwatajia neno la Kizungu wanalijua, lakini wenyewe wakiwa kazini wanapiga mchanga. Aliyeipa kazi hii mashine ni Mmarekani, Benjamin Chew Tilghman, aliyepata hataza yake mwaka 1870. Wazo lake halijabadilika sana: hewa iliyobanwa inatoka kwenye kompresa, inaingia kwenye mtungi wenye mchanga, inauchukua mchanga kupitia mpira mnene, kisha inautema kwa kasi kubwa kupitia tundu dogo la nozeli.

Wengi wakiona chuma kinapigwa hudhani ni kazi ya kusafisha tu. Ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Punje inapogonga inabandua kutu, rangi ya zamani na uchafu. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni kwamba kila punje inaacha kashimo, na kando ya kashimo inainuka kancha ndogo. Mamilioni ya vishimo na ncha hizo ndiyo meno ya chuma. Kwa rangi ya epoksi ya kwenye maji, watengenezaji wengi wanataka meno yenye kina cha maikroni 50 hadi 75 hivi. Unywele wa kichwani kwako una unene wa kama maikroni 70. Yaani rangi yote ya meli, inayopigwa na mawimbi na kusuguliwa kwenye gati, imeshikilia mabonde yasiyozidi unywele kwa kina. Meno yakiwa mafupi mno rangi inateleza. Yakiwa marefu mno ncha zake zinatoboa rangi, na kila ncha iliyochomoza ni mlango wa kutu.

Sasa niwaambie habari ambayo nimeibeba kwa muda mrefu.

Mwaka 2011 tulipewa boti ya chuma ya mizigo, mpya, ya kupeleka bidhaa visiwani. Mkandarasi simtaji. Mwenye boti alikuwa mfanyabiashara mwangalifu, aliagiza epoksi ya majini kutoka Dar es Salaam, rangi halali kabisa, makopo yalikuja na mihuri yake. Mkandarasi alikuwa analipwa kwa mita ya mraba, na mchanga ulikuwa unakwisha, na kompresa ya kukodi ilikuwa inahesabiwa kwa siku. Basi kilichofanyika ni hiki: omo, kule mbele ambako mwenye boti alikuwa anakuja kusimama kila jioni, tulipapiga mchanga vizuri sana. Nyuma, na chini karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, tulipita na brashi ya waya na tambara lenye tina, dawa ya kuyeyushia rangi. Kisha tukapaka rangi. Rangi ilipokauka, mbele na nyuma vilifanana kama mapacha.

Nilipaka kwa mkono wangu. Nilijua. Sikusema.

Miezi 8 baadaye boti ilirudi kuvutwa nchi kavu. Rangi ya nyuma ilikuwa inabanduka kwa mapande, kipande kimoja kikubwa kama mlango. Mwenye boti alilia kwamba ameuziwa rangi feki, akataka kwenda kugombana na duka. Mjomba aliokota pande moja, akaligeuza, akanionyesha mgongo wake. Ulikuwa laini kama kioo, na sehemu kubwa ilikuwa imeganda ngozi nyembamba ya bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Rangi ikishika chuma kilichopigwa sawasawa, mgongo wake una chengachenga, umenakili meno. Rangi ile haikuwahi kushika chuma. Ilishika gamba la kiwandani, na gamba lilipoachia, likaondoka nayo.

Gamba hili watu wengi hawalijui, na ndilo linalokula fedha zao. Bati nene la chuma linatengenezwa kwa kukandamizwa likiwa la moto, zaidi ya nyuzi 1,000, na hapo juu yake hewa inatengeneza ngozi ngumu ya rangi ya bluu na kijivu. Bati jipya likishushwa kwenye lori pale Nyakato, ngozi hiyo inavutia. Mtu anasema hiki chuma kipya, hakina kutu, paka moja kwa moja. Lakini ngozi hiyo haikui na haipungui pamoja na chuma. Jua likikipanua na usiku ukikifinya, inapasuka nyufa zisizoonekana. Maji yakiingia kwenye nyufa, gamba na chuma vinakuwa kama pande mbili za betri, na upande unaoliwa ni chuma. Brashi ya waya hailiondoi. Msasa wa karatasi hauliondoi. Grenda yenye brashi ya waya inaling'arisha tu ukadhani limetoka. Mchanga wa kupulizwa unalitoa.

Kwa hiyo nikiitwa kwenye kazi, natamani kufika katika lile dirisha dogo, baada ya mchanga na kabla ya rangi. Ni saa chache tu. Katika maisha yote ya boti ya chuma hakuna wakati mwingine ukweli wake unapoonekana, na hakuna wakati mwenye boti anakuwa mbali zaidi. Anakuja rangi ikiwa imekwisha kupakwa, anapiga picha.

Ukaguzi wenyewe una lugha yake. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 8501-1, chenye picha za rangi za chuma kabla na baada ya kupigwa; kimetokana na kiwango cha zamani cha Wasweden. Daraja zake zinaandikwa Sa 1, Sa 2, Sa 2½ na Sa 3. Sa 1 ni kupitisha mchanga juu juu, yanayoning'inia yakatoka. Sa 3 ni chuma cheupe mwili mzima, hata kivuli cha doa hakuna. Wenye fedha wakisikia kuna daraja ya juu kabisa wanaitaka hiyo hiyo, na wakandarasi hawawakatazi. Mimi nawakataza. Kwa boti ya ziwani Sa 2½ inatosha: gamba limetoka, kutu imetoka, rangi ya zamani imetoka, kilichobaki ni vivuli vya madoa hapa na pale. Kutoka hapo hadi Sa 3 unachoma mchanga na dizeli nyingi kwa faida ndogo. Fedha hiyo iweke kwenye kona na mishono ya kuchomelea, mahali ambapo kutu huanzia karibu kila mara, na ambapo mpigaji aliyechoka huruka bila kupiga.

Na kabla ya mchanga, mafuta. Hili nalirudia hadi vijana wananichoka. Ukipiga mchanga juu ya grisi, hutoi grisi. Unaisambaza na kuigongomea ndani ya meno. Chuma kioshwe kwanza kwa sabuni ya kukata mafuta na maji safi, kikauke, ndipo mashine iwashwe. Hewa yenyewe ya kompresa pia hutema mafuta na maji. Kipimo chake hakina gharama: shika kitambaa cheupe mbele ya hewa tupu, bila mchanga, kwa dakika moja. Kitambaa kikitoka na doa au unyevu, kazi isianze.

Tena kuna hali ya hewa yetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni baridi, si chumvi, kwa hiyo vyombo vyetu havili kutu kwa kasi ya vile vya Dar es Salaam au Unguja. Hiyo ni baraka, na imetuharibu, kwa maana tumezoea kuona chombo kinadumu hata kikifanyiwa ovyo. MV Victoria imeundwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020. Chuma cha umri huo bado kinabeba watu kwenda Bukoba. Kutu ya ziwani haina haraka, na ndiyo maana haiogopwi.

Adui yetu hapa ni umande. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande juu ya chuma kikishuka hadi nyuzi 20 hivi. Asubuhi kando ya ziwa hiyo ni hali ya kawaida, na chuma hupoa usiku kuliko hewa inayokizunguka. Kwa hiyo unaweza kufika saa moja asubuhi, mbingu ni safi, mawe yamekauka, na boti inatoka jasho. Pitisha kidole juu ya rangi ya zamani utaona. Kanuni tunayoifuata ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usipite asilimia 85. Mimi nimeitafsiri kwa saa za Mwanza: mchanga uanze saa nne asubuhi, praima iwe imeingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na usipige eneo kubwa kuliko utakaloweza kupaka siku hiyo hiyo. Fundi anayepiga boti nzima kwanza ili "amalize mchanga" anatengeneza kutu mpya, ile ya rangi ya chungwa inayokuja kama vumbi la binzari.

Wakati mwingine ziwa lenyewe linaingilia. Wale wadudu wadogo wasiouma wanaoinuka juu ya maji kama moshi, ukiwaona kwa mbali unadhani kuna mtumbwi unaungua, wakija na upepo juu ya rangi mbichi, kazi ya siku nzima imekwisha. Nimewahi kuona ubavu wa mita 10 ukiwa na manyoya. Tulisubiri ukauke, tukauparua, tukaanza upya. Mkandarasi alikunja uso, lakini safari hiyo nilikuwa mkaguzi, nilisema.

Nozeli nitaipitia haraka. Tundu lake linaliwa na mchanga. Nozeli ya milimita 10 ikiliwa hadi milimita 12, eneo la tundu limepanuka kwa asilimia 44 na linakula hewa kwa kiasi hicho hicho. Kompresa ile ile haiwezi tena kulilisha, shinikizo linaanguka, punje zinagonga kama mvua ya rasharasha. Vijana wanaongeza mchanga wakidhani umepungua. Kuna geji yenye sindano, unachoma mpira karibu kabisa na nozeli usome shinikizo pale pale, maana linalosomeka kwenye kompresa ni la kompresa. Tunataka karibu baa 7 kwenye nozeli. Na ile mashine ya kujazia matairi haiwezi kazi hii, msidanganywe.

Nimechelewa kufika kwenye jambo lenyewe. Ni mchanga.

Mawe yetu, haya yanayotupa jina la jiji la miamba, mengi ni itale. Ukivunja jiwe la itale utaona punje zinazometameta kama kioo cha moshi. Hiyo ni kwatzi, na kwatzi ni silika. Jua na mvua vikilifanyia kazi jiwe kwa muda mrefu, sehemu nyingine zinaoza kuwa udongo wa mfinyanzi, kwatzi inabaki, inashuka na mvua hadi ufukweni. Mchanga wa ziwa ni watoto wa mawe hayo hayo. Ni mgumu, una makali, unapatikana bure kwa koleo. Kila aliyefika Mwanza na mtungi na kompresa aliuona akafurahi.

Punje hiyo ikigonga chuma inapasuka. Vumbi unaloliona, lile linalofanya mpigaji aonekane kama ametoka kwenye gunia la unga, linaanguka chini, unalipangusa. La kuogopa ni lile usiloliona, la maikroni 4 kushuka chini, ambalo linaelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Hilo linapita pua, linapita koo, linafika ndani kabisa mwa mapafu na halitoki. Mwili unajaribu kulizungushia ukuta, na ukuta ni kovu. Kovu juu ya kovu, pafu linakuwa gumu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Kwa wavunja mawe unaweza kuchukua miaka 10 au 20 kujitokeza. Kwa wapiga mchanga wasio na kinga, miaka michache inatosha, wakati mwingine hata haifiki. Na pafu lenye silika linakamatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko pafu zima.

Mjomba alipiga mchanga wa ziwa kwa miaka 16. Kinga yake ilikuwa kipande cha kanga ya mkewe, amekilowesha maji. Na kila jioni, nusu lita ya maziwa. Mafundi wote wa bandarini waliamini hivyo na wengi bado wanaamini, wachomeleaji, wapaka rangi, wapiga mchanga: maziwa yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, ndugu zangu. Hayajawahi kufika kwenye pafu la mtu, na yakifika huko ni ajali. Kunyweni kwa afya ya mifupa, lakini msiende kazini bila kinga kwa kuyategemea.

Alianza kwa kuchoka kupanda ngazi. Akasema ni umri. Alikuwa na miaka 44. Kikohozi kikavu kikafuata, akapungua, akaanza kusimama njiani akipanda kwenda nyumbani, na nyumba zetu Igogo zimepandwa juu ya mawe, hakuna njia isiyo mlima. Alipewa dawa za kifua kikuu miezi 6, makohozi hayakuonyesha kitu. Akapewa tena. Hakuna aliyemuuliza kazi yake ni ipi, naye hakuona kwa nini aitaje. Ilikuwa mara ya tatu, kwa daktari mwingine, ndipo alipoulizwa, "Mzee, unafanya kazi gani?" Akajibu napiga mchanga. Daktari alinyamaza, akairudisha picha ya kifua kwenye taa, akaiangalia upya. Nilikuwepo.

Alifariki mwaka 2014. Siku za mwisho alilala ameketi.

Baada ya msiba ndipo nilipoanza kusoma, na hasira yangu haijaisha. Uingereza ilikataza mchanga wa silika katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki ilikataza kwenye nguo mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakichakaza suruali za jinzi kwa mchanga kuanza kufa. Vijana waliokuwa wanatengeneza mitindo! Jambo hili limejulikana kabla mjomba hajazaliwa. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamdai mwajiri vifaa vya kinga, tena bure kwa mfanyakazi. Mjomba alianza kushika nozeli kabla yake na aliendelea kuishika kwa miaka mingi baada yake, na kanga yake ikawa ile ile.

Watu wananiambia garneti, punje za madini zinazopulizwa badala ya mchanga, ni ghali. Ni kweli, inakuja kwa magunia kutoka nje kupitia Dar es Salaam, na ukiiweka kando ya mchanga wa bure inaonekana anasa. Hesabu hiyo ina kasoro. Garneti ina silika huru kidogo mno, ni nzito, inakata haraka, na ukitandika turubai chini ukaikusanya na kuichekecha unaitumia mara 3 hata 5. Mchanga wa ziwa unapasuka kuwa vumbi kwa pigo moja. Kwa vitu vidogo, kama vyuma vya mashine, kuna chengachenga za chuma ndani ya kabati lililofungwa, zinarudi na kurudi mara mamia. Kuna kupiga kwa maji pamoja, ambako kunapunguza vumbi sana. Lakini hata ukiwa na garneti, ile kutu na rangi kuukuu inayotoka ni sumu yake yenyewe. Mpigaji lazima avae kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira wake, na hewa hiyo isivutwe karibu na moshi wa injini ya kompresa. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii vumbi hili.

Na kama huna uwezo wa lolote kati ya hayo, sikiliza ushauri wa mtu aliyeipenda kazi hii: usipige. Chukua brashi ya waya, grenda na kiparuo, osha mafuta, kisha tafuta rangi ya epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kisichosafishwa kikamilifu. Zipo, na mwenye duka anayejua kazi yake atakuonyesha. Itadumu miaka michache kuliko ya Sa 2½. Utaipaka tena ukiwa hai. Kwa mafundi wa mageti wa mitaani, ambao ndio mnaoniandikia zaidi, mara nyingi hilo ndilo jibu langu: geti halihitaji mchanga. Linahitaji muoshe mafuta, muondoe mabaki ya kuchomelea, na mpake praima siku hiyo hiyo badala ya kuliacha nje wiki nzima mkimsubiri mteja alete salio.

Wakati meli mpya ya MV Mwanza, mita 92.6 kwa urefu, ya abiria 1,200, ilipokuwa inaundwa Mwanza Kusini hadi ikashushwa majini Februari 2023, watu walikuwa wakisimama barabarani kuitazama ikikua. Nami nilisimama. Wengine walihesabu madaraja, wengine madirisha. Mimi nilikuwa natafuta, kila nikipita, sehemu ambayo bado ni ya kijivu.

Mke wa mjomba bado anaishi pale pale Igogo. Kwa miaka ile 16 ndiye aliyekuwa akikung'uta ovaroli za mumewe mlangoni, asubuhi na jioni, kisha anazifua kwa mikono. Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kumwambia. Mwezi uliopita nilikwenda, nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, naomba twende tukapige picha ya kifua." Hakuuliza kwa nini. Alivaa gauni lake la kanisani.

Mapafu yake ni safi. Daktari alimwonyesha kwenye skrini, akamwelekeza kwa kalamu hapa na hapa. Tulipotoka nje tulikaa kwenye benchi kivulini kwa muda, yeye ameshika mkoba wake magotini, kisha akaniuliza, "Na wale vijana wako wa kazini, wamepiga?"

Nina vijana 7 wanaoshika nozeli katika kazi ninayoikagua sasa. Hakuna aliyepiga. Nimezungumza na mwenye kazi, amekubali kulipia, na tumepanga Alhamisi, wawili wawili ili kompresa isisimame. Wa kwanza wawili ni wale walioanza zamani, kabla ya kofia.